Uzito wa Maji: Jina Moja, Mambo Matatu

Acha ugali, wali na chapati siku ya Jumatatu, na kufikia Ijumaa huenda mizani ikasoma pungufu ya kilo mbili. Nenda harusini Jumamosi, kula pilau kwa kachumbari na soda ya kuteremshia, na Jumapili asubuhi kilo zile zimerudi, au karibu zote. Wanaopunguza mwili wanalijua jambo hili na wana jina lake. "Usijali shosti, hayo ni maji tu," ndivyo wanavyoliwazana. Jina kamili ni uzito wa maji, tafsiri ya neno kwa neno kutoka Kiingereza, na limeshakaa vinywani kiasi kwamba halitang'oka. Silipingi. Ila linafunika mambo matatu yenye sababu tofauti, yanayokuja na kuondoka kwa mwendo tofauti, na la tatu si la maji peke yake.

Kwanza tulitoe njiani lile ambalo kila mtu analiogopa, yaani mafuta. Kilo moja ya mafuta ya mwili hubeba takriban kilokalori 7,700. Ili pilau ya Jumamosi ikuongezee kilo mbili za mafuta kufikia Jumapili, ingebidi ule kilokalori 15,400 zaidi ya zile ambazo mwili ulizitumia. Ukiikadiria sahani iliyojaa kwa kilokalori 800, hizo ni sahani kumi na tisa na ushee, juu ya chai na chakula chako cha kawaida. Hakuna mwenye harusi anayempakulia mgeni hivyo. Upande wa pili hesabu inasikitisha kidogo. Anayejinyima kilokalori 500 kila siku, na hiyo ni kazi kweli kweli, hupoteza takriban gramu 65 za mafuta kwa siku. Mizani nyingi za nyumbani husoma kwa hatua za gramu 100. Kwa hiyo mafuta uliyoyapoteza tangu jana hayatoshi hata kusogeza tarakimu ya mwisho, ilhali mambo matatu ninayotaka kuyaeleza huisogeza kwa kilo nzima.

La kwanza linakaa kwenye ini na misuli. Mwaka 1855, mwanafiziolojia Mfaransa Claude Bernard alipitisha maji katika mishipa ya ini la mnyama mpaka yakawa yanatoka bila dalili yoyote ya sukari. Akaliacha. Kesho yake ini lilelile, lisilo na damu wala chakula kipya, lilikuwa na sukari tele. Basi mlikuwa na kitu ndani yake kinachogeuka kuwa sukari. Mwaka 1857 akafaulu kukitenga, na jina alilokipa lilichotwa kwenye Kigiriki, lenye maana ya kinachozaa utamu. Kwetu limetoholewa kuwa glikojeni.

Wanasayansi wa Ulaya wa zamani walikiita pia wanga wa wanyama, kwa kuwa ni ndugu wa wanga wa mihogo na viazi: vyote viwili ni minyororo mirefu ya glukosi. Jina hilo lingetufaa, maana "vyakula vya wanga" ni msemo wa kila kliniki na kila kitabu cha shule. Tatizo ni kwamba wanga wengine ni wale wanaozunguka makaburini usiku. Mwambie bibi wa watu kwamba mjukuu wake ana wanga kwenye ini, uone kama hataanza kuulizia mganga. Nadhani waliochagua kutohoa walifanya la busara, japo utohozi una gharama yake: asiyejua Kigiriki haambiwi chochote na neno glikojeni. Kwa mtu asiye wa sayansi mimi husema wanga wa akiba. Neno akiba humfukuza yule mchawi, na papo hapo hueleza kazi ya kitu chenyewe.

Mtu mzima aliyeshiba huwa na takriban gramu 100 za akiba hiyo kwenye ini na gramu 400 hivi kwenye misuli, kutegemea misuli yenyewe ni mikubwa kiasi gani. Kila gramu moja huhifadhiwa pamoja na takriban gramu tatu za maji. Jumlisha: nusu kilo ya glikojeni na kilo moja na nusu ya maji yake. Mtu akikata vyakula vya wanga, mwili huila akiba, maji yaliyoandamana nayo hukosa pa kukaa, na figo huyatoa. Zaidi ya hapo, wanga ukipungua mloni, insulini nayo hushuka, na insulini ikishuka figo huachia chumvi nyingi zaidi, ambayo haiendi peke yake bali huondoka na maji. Hizo ndizo kilo mbili za Ijumaa. Mizani haikudanganya, mwili ulikuwa mwepesi kweli. Ila ukipiga hesabu ya mafuta yaliyotoka katika siku hizo chache, huenda ni gramu 300 tu. Na mtu akirudi kwenye sinia, akiba hujazwa upya ndani ya siku moja au mbili, maji yakifuatana nayo. Haya ningependa tuyaite maji ya akiba, jina ambalo angalau linamwambia mtu kwa nini yameondoka na kwa nini yatarudi.

La pili ni chumvi. Majimaji ya damu, na yale yanayozizunguka seli, yana chumvi karibu gramu 9 katika kila lita, na ndiyo sababu dripu ya kawaida ya hospitali huchanganywa kwa kiwango hicho. Mwili huulinda uwiano huo kwa ukali. Chumvi ikizidi, kiu humsukuma mtu anywe, na figo huzuia maji mpaka uwiano urudi. Gramu 4 au 5 za ziada zinaweza kushika karibu nusu lita, yaani nusu kilo kwenye mizani, hadi figo zimalize kuitoa chumvi yenyewe, kazi inayoweza kuchukua siku kadhaa. Shirika la Afya Duniani linamshauri mtu mzima abaki chini ya gramu 5 kwa siku nzima, kiasi kisichojaza kijiko cha chai. Chipsi zilizonyunyiziwa kwa mkono mzito, mchuzi uliotiwa kiungo cha paketi, ng'onda na achari vikikutana katika mlo mmoja, kiasi hicho kimepitwa kabla hujanawa mikono.

Jina lake? "Maji ya chumvi" lingekuwa fupi, lakini tayari lina mwenyewe: watu wa pwani huyaita hivyo maji ya bahari na ya kisima kilichoingiliwa na bahari. Nabaki na "maji yaliyoshikwa na chumvi". Ni refu, nakiri, ila halimchanganyi mtu. Maji ya namna hii huweza kuja hata bila chumvi kuzidi. Wanawake wengi huyashika siku za kabla ya hedhi, na ndiyo maana inawafaa zaidi kulinganisha wiki fulani ya mzunguko na wiki hiyohiyo ya mzunguko uliopita. Misuli inayouma kwa mazoezi mapya nayo hushika maji kwa siku chache.

La tatu ningeliita mzigo wa tumboni. Chakula hakipotezi uzito kwa kumezwa. Nusu lita ya uji ni nusu kilo mara tu inapopita kooni, na kwa watu wengi safari ya chakula kutoka kinywani hadi chooni huchukua kati ya siku moja na tatu. Hapa ndipo wenye bidii wanapodhulumiwa: aliyeanza mpango wake kwa maharage, mchicha na matembele anaweza kusoma zaidi katika siku za mwanzo, kwa kuwa nyuzinyuzi hushika maji utumboni. Wengine hukata tamaa hapohapo, wakati wanakula vizuri kuliko walivyowahi.

Mtu aliyeufuatilia mzigo huu kwa subira isiyo ya kawaida ni Santorio Santorio, daktari aliyefundisha katika chuo kikuu cha Padua nchini Italia. Alitundika kiti kwenye mizani kubwa, akawa anaketi humo akila, akipima kilichoingia na kilichotoka, mwaka baada ya mwaka. Kitabu chake kilichapishwa Venice mwaka 1614. Aliandika kwamba mtu akila na kunywa ratili nane kwa siku, takriban tano kati yake hutoka bila kuonekana. Kwa Kilatini alikiita kitendo hicho kwa maneno yenye maana ya utokaji jasho usiohisika, na kwa Kiswahili "jasho fiche" linatosha. Siku hizi tunajua kuwa jasho si yote: sehemu kubwa ni mvuke wa pumzi, na sehemu nyingine ni kaboni. Mwaka 2014 Ruben Meerman na Andrew Brown wa Chuo Kikuu cha New South Wales, Australia, walionyesha kwamba kilo 10 za mafuta zikichomwa mwilini, kilo 8.4 hutoka mapafuni kama kabonidioksidi na kilo 1.6 hubaki kuwa maji. Jasho fiche ndilo linalomfanya mtu aamke mwepesi kuliko alivyolala, hata kabla ya kwenda msalani.

Mwezi wa Ramadhani mambo haya huonekana kwa mtu mmoja katika siku moja. Alasiri, baada ya saa nyingi bila maji katika joto la Mombasa au Tanga, tumbo ni tupu, akiba ya ini imepungua na jasho limefanya kazi yake. Baada ya tambi, magimbi na sharubati ya ukwaju, mizani inasoma habari nyingine kabisa. Aliyejipima kabla ya futari na aliyejipima baada ya daku hawajapima kitu kimoja, ingawa ni mtu yuleyule. Tafiti nyingi zilizokusanywa pamoja zimeonyesha kuwa wanaofunga hupungua kidogo kwa wastani mwezi huo, na kwamba sehemu kubwa hurudi wiki chache baada ya Idi.

Kwa hiyo ni kweli: chakula cha jana hubadilisha usomaji wa leo, tena sana, bila kusema lolote kuhusu mafuta. Hapa napendekeza jozi ya maneno. Magazeti yetu huandika kwamba shilingi imeyumba, na msomaji anaelewa kuwa kesho inaweza kutulia. Basi tuseme kuyumba kwa uzito kwa kilo zinazokuja na kuondoka ndani ya siku chache, na tuliweke neno mwelekeo kwa kile kinachoonekana baada ya wiki kadhaa. Mwalimu wa fizikia atanikumbusha kwamba kilo hupima tungamo, wala si uzito. Ana haki, lakini sijasikia mtu akisema amepunguza tungamo. Zaidi ya hapo, Kiswahili cha mtaani kilikuwa tayari na "kupunguza mwili", msemo ulio karibu na nia ya watu kuliko "kupunguza uzito".

Anayetaka kuuona mwelekeo ajipime asubuhi, ametoka msalani, hajanywa kitu, mizani ikiwa juu ya sakafu ngumu. Aandike namba bila kuibishia, achukue wastani wa siku saba, kisha aulinganishe na wastani wa wiki mbili au tatu nyuma. Mizani ya kijana wa kando ya barabara, unayoipanda umevaa viatu na umetoka kula mchana, ni ya kujiburudisha.

Wapo wanaoichezea mizani makusudi. Katika michezo ya kupigana kwa madaraja ya uzito, mwanamichezo hukausha mwili kabla ya kupimwa, kisha hunywa na kula mpaka urudi. Mwaka 1997 nchini Marekani, wanamieleka watatu wa vyuo vikuu walifariki katika kipindi kisichozidi wiki sita wakijikausha hivyo, kwa mazoezi ya nguvu kwenye vyumba vya joto na mavazi yasiyopitisha hewa. Kilichowaua ni kuondoa maji, wala si kukosa mafuta.

Na wapo ambao kwao maji ndiyo habari yenyewe. Mgonjwa wa moyo ulioshindwa kusukuma damu ipasavyo huambiwa ajipime kila asubuhi. Akiongezeka zaidi ya kilo mbili ndani ya siku tatu, haambiwi asubiri wastani wa wiki: hayo ni maji yanayojikusanya mwilini, mara nyingi kabla miguu haijavimba wala pumzi haijabana, na anatakiwa kuwasiliana na daktari wake siku hiyohiyo.