Bass Reeves: Sanamu Iliyochelewa Miaka Mia

Katika bustani ya Pendergraft mjini Fort Smith, jimbo la Arkansas, Marekani, ipo sanamu ya shaba ya mwanamume mweusi aliyepanda farasi, bunduki mkononi, mbwa ubavuni. Ilizinduliwa tarehe 26 Mei 2012, baada ya kuchangwa zaidi ya dola 300,000. Aliyeichonga ni Harold Holden wa Oklahoma. Mwenye sura hiyo, Bass Reeves, alikuwa amefariki miaka 102 kabla.

Reeves alizaliwa mtumwa mwaka 1838. Wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe alimtoroka bwana wake, George Reeves, akaingia nchi ya makabila ya wenyeji wa Marekani, Wacherokee, Wacreek na Waseminole, akaishi nao na kujifunza lugha zao. Nchi hiyo, ambayo leo ni Oklahoma, ilikuwa na polisi na mahakama za wenyeji, ila hazikuwa na mamlaka ya kumhukumu mgeni. Basi wauaji na wezi wa farasi wa majimbo jirani wakaifanya maficho yao. Mwaka 1875 Jaji Isaac Parker aliletwa Fort Smith kukomesha hali hiyo, akaajiri maaskari wa kuvuka mpaka kuwasaka. Reeves alikuwa miongoni mwa weusi wa kwanza kupewa kazi hiyo.

Hakujua kusoma. Alisomewa hati za kukamatia watu, akazihifadhi kichwani, kisha akaondoka na gari la farasi na mpishi wake kwa safari ya wiki nyingi. Inasemekana katika miaka 32 ya kazi alikamata watu zaidi ya 3,000.

Kwangu mimi, uzito wa mtu huyu hauko katika hesabu hiyo. Mwaka 1887 alisimama kizimbani mbele ya Parker yuleyule, akishtakiwa kumuua mpishi wake kwa risasi. Alieleza kwamba bunduki ilifyatuka kwa bahati mbaya, na baraza la wazee wa mahakama likamwachia huru. Kesi ilimmalizia mali, naye akarudi kazini. Mwaka 1902 ikatoka hati ya kumkamata mwanawe Bennie, aliyemuua mkewe. Reeves aliomba apewe yeye hati hiyo. Alimkamata mwanawe kwa mkono wake, na kijana akahukumiwa kifungo cha maisha.

Mwaka 1907 Oklahoma ikawa jimbo. Bunge lake jipya lilianza kazi kwa kuwatenga weusi na weupe katika mabehewa ya reli. Hadithi ya mweusi aliyewatia wazungu pingu kwa amri ya serikali haikuwa na pa kukaa katika jimbo la namna hiyo. Reeves, ambaye kwa mabadiliko hayo alipoteza cheo chake, alilinda mitaa ya Muskogee kama polisi wa mji kwa takriban miaka miwili, akafa kwa maradhi ya figo tarehe 12 Januari 1910.

Fort Smith ilimtunza jaji: mahakama yake imehifadhiwa, hata jukwaa walikonyongewa watu 79 aliowahukumu limejengwa upya. Wale waliohatarisha roho zao kuwaleta watuhumiwa mbele yake hawakupewa uzito huo. Habari za Reeves zilibaki midomoni mwa weusi wa Oklahoma, mpaka mwanahistoria Art Burton alipopekua majalada ya mahakama na kutoa kitabu mwaka 2006. Bila kazi hiyo ya kuchosha, sidhani kama sanamu ingesimama.

Muskogee nako, mwaka 2011, daraja la kuelekea Fort Gibson lilipewa jina lake. Kaburi lake halijulikani liliko, kwa hiyo anayetaka kumtolea heshima humwendea darajani hapo, au Fort Smith.