Kumbukumbu ya Bingwa wa Sataranji katika Modeli za Kompyuta: Historia Fupi, 1946–1996

Mwaka 1946, mwanasaikolojia wa Uholanzi Adriaan de Groot, aliyekuwa pia mchezaji hodari wa sataranji, alichapisha tasnifu yake kuhusu fikra za wachezaji. Wengi waliamini kwamba bingwa hushinda kwa kuona hatua nyingi zaidi mbele. De Groot hakukuta tofauti kubwa katika jambo hilo. Tofauti ilijitokeza kwingine: bingwa aliyeoneshwa ubao kwa sekunde chache aliweza kuzirudisha karibu kete zote mahali pake, ilhali mchezaji dhaifu alikumbuka chache tu.

Mwaka 1973, William Chase na Herbert Simon wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, walirudia jaribio hilo na kuongeza sharti moja: safari nyingine kete zilitawanywa ubaoni ovyo. Hapo ubora wa bingwa ulitoweka. Kumbe hakuwa na kumbukumbu bora kwa kila kitu. Alichokuwa nacho ni mafungu, yaani kete kadhaa zinazotambuliwa kwa pamoja, kama msomaji atambuavyo neno bila kutaja herufi mojamoja.

Nadharia hiyo iliandikwa pia kama programu ya kompyuta. Msingi ulikuwapo tayari: EPAM, iliyobuniwa na Edward Feigenbaum na Simon mwishoni mwa miaka ya 1950 kueleza jinsi watu wanavyokariri silabi zisizo na maana. Kutokana nayo, Simon na Kevin Gilmartin waliunda MAPP mwaka 1973. Programu hiyo haikufikia kiwango cha bingwa, lakini iliwawezesha kukadiria kwamba bingwa huhitaji mafungu kati ya 10,000 na 100,000.

Udhaifu wake ulidhihirika mapema. Mwaka 1976, Neil Charness aliwapa wachezaji kazi nyingine baada ya kuutazama ubao na kabla ya kuupanga upya. Kumbukumbu yao ilipungua kidogo tu. Iwapo mafungu yangekuwa yamehifadhiwa katika kumbukumbu ya muda mfupi pekee, kama MAPP ilivyochukulia, yangepotea. Jibu la Fernand Gobet na Simon, lililochapishwa mwaka 1996, lilikuwa nadharia ya violezo: mafungu yanayokutwa mara kwa mara hukua na kuwa miundo mikubwa yenye nafasi za kujazwa haraka katika kumbukumbu ya muda mrefu. Programu ya CHREST iliendeleza wazo hilo.

CHREST ilitoa pia utabiri usiotarajiwa: hata katika ubao uliovurugwa, bingwa anapaswa kuwa na ubora mdogo, kwa kuwa bahati huacha mafungu machache yenye sura ya kawaida. Gobet na Simon walipojumlisha matokeo ya tafiti zilizotangulia, ubora huo mdogo ulionekana. Wachezaji watatu wa mwaka 1973 walikuwa wachache mno kuudhihirisha.

Historia hii inawahusu wapangaji wa elimu. Ikiwa ubingwa umejengwa kwa mafungu ya uwanja mmoja, haitarajiwi kwamba utahamia wenyewe katika hisabati au kusoma. Mapitio ya Giovanni Sala na Gobet ya mwaka 2016 kuhusu ufundishaji wa sataranji shuleni yalikuta manufaa ya wastani, lakini pia tafiti nyingi zisizolinganisha sataranji na shughuli nyingine mbadala. Kabla ya mchezo huu kuingizwa katika mtaala kwa hoja ya kunoa akili, ulinganisho huo unapaswa kufanywa.