Mwele: Jina Lililoandikwa Ukingoni

Vita vya Mazrui vilianzia Takaungu mwaka 1895, kwa mzozo wa nani arithi uongozi. Kampuni ya Waingereza ikamsimamisha Rashid bin Salim. Mbaruk bin Rashid wa Gasi akaingia upande wa waliokataa, na tarehe 17 Agosti Admirali Rawson akaiteka ngome yake ya Mwele.

Waliompiga wakapewa Nishani ya Afrika Mashariki na Magharibi. Kwa desturi, jina la vita huwekwa kwenye kipande cha chuma juu ya utepe. Ya Mwele haikupata kipande: "Mwele 1895" ilichongwa ukingoni, ambako pia huchongwa jina la askari. Mbele utaona Malkia Victoria tu. Mpaka uigeuze ubavu ndio usome.

Mbaruk alivuka kwa Wajerumani Aprili 1896, akafia Dar es Salaam 1910. Nishani imetaja askari na mahali, sababu haikuitaja. Hiyo wanayo wazee. Basi vijana wa Magarini, tukitoka tarawehe tukae nao, tuwaulize, tuandike.