CHAMA TAWALA KIKISHINDWA, KINAKWENDA WAPI?



Katika kuadhimisha Siku ya Wakimbizi Duniani, Kamati imetuomba sisi walimu tuandike machache juu ya historia. Tukienda Mbarara kununua chaki na madaftari, wenyeji hutuuliza: “Kwenu watu wanapiga kura, mbona hamrudi?” Jibu liko katika historia ya vyama vilivyozoea kutawala.

Tuanze na Burundi, walikotoka wengi wetu hapa Nakivale. UPRONA, chama cha Mwanamfalme Louis Rwagasore, kilishinda uchaguzi wa 1961, na mwaka 1966 kikafanywa chama pekee. Tarehe 1 Juni 1993 mgombea wake, Meja Pierre Buyoya, alishindwa na Melchior Ndadaye wa FRODEBU. Bungeni UPRONA ikapata viti 16, FRODEBU 65. Buyoya alikubali na kukabidhi madaraka. Lakini jeshi lilibaki lile lile. Tarehe 21 Oktoba wanajeshi walimwua Rais Ndadaye, vita vikafuata, na Julai 1996 jeshi likamrudisha Buyoya Ikulu.

Sasa tutazame Kenya. KANU ilitawala tangu uhuru, 1963, hadi iliposhindwa tarehe 27 Desemba 2002. Siku tatu baadaye Rais Moi alimkabidhi Mwai Kibaki nchi, na askari wakabaki kambini. KANU ikakaa upinzani, na mwaka 2007 ikamuunga mkono Kibaki yule yule aliyeiangusha. Mgombea wake wa 2002, Uhuru Kenyatta, alipata urais mwaka 2013 kwa chama kingine. Chama kilidhoofika, watu wake walibadili shati tu.

Tofauti, basi, haikuwa kura. Tofauti ilikuwa bunduki: je, ni ya nchi au ya kundi?

Mkataba wa Arusha wa 28 Agosti 2000 ulilijibu hilo: kabila moja lisizidi nusu ya jeshi. Mwaka 2005 UPRONA ilishindwa tena, ikapata Makamu wa Rais, wala haikukimbilia kambini. Hata hivyo, mwaka 2015 mgogoro wa muhula wa tatu, chini ya chama tawala kipya, ulileta wengine hapa. Kiti ni kile kile.

Ndiyo maana tunapochagua kiranja darasani, anayeshindwa hukabidhi ufunguo wa kabati mbele ya wenzake. Wazazi, tusaidieni kufundisha somo hilo nyumbani.