Urithi wa Utumboni

Wateja wangu, wafugaji wa kuku hapa Kibaha, wakiona pakiti ya probiotiki, yaani bakteria wema wa utumboni, huuliza kama ni dawa mpya. Nawajibu kwamba wazo lake limewapita umri wengi wao, na kwamba asili yake si ya kusimuliana wakati wa kula.

Mwaka 1971 mabanda ya kuku wa nyama nchini Finland yalivamiwa na salmonela aina ya infantis, iliyoingia kupitia chakula. Watafiti wawili, Esko Nurmi na Marjatta Rantala, walitazama jambo ambalo kila mfugaji analijua: kifaranga wa siku moja hulemewa na bakteria wachache tu, kuku mkubwa anawastahimili. Kifaranga wa kienyeji huanza maisha akidonoa palepale mama yake anapokunya, na humo hupata bakteria wake wa kwanza. Wa mashine hana mama. Anatoka kwenye trei safi, anaingia kwenye boksi safi, utumbo mtupu, na mgeni yeyote atakayebisha hodi kwanza ndiye atakayekaa. Basi wakachukua vilivyomo utumboni mwa kuku wakubwa wenye afya, wakawapa vifaranga. Salmonela ikakosa nafasi. Matokeo yalitoka mwaka 1973 katika jarida la Nature.

Wakati huo wafugaji wakubwa walikuwa na mapenzi mengine. Mwishoni mwa miaka ya 1940, Thomas Jukes na Robert Stokstad wa maabara ya Lederle, Marekani, wakitafuta vitamini B12, waligundua kwamba mabaki ya kutengeneza antibiotiki ya Aureomycin yanakuza vifaranga haraka. Antibiotiki ikageuka kiungo cha chakula, hadi usugu wa dawa ulipotisha watu. Sweden ikapiga marufuku matumizi hayo mwaka 1986, Umoja wa Ulaya wote mwaka 2006, na hapo ndipo pakiti hizi zilipochangamkiwa.

Jirani yake, prebiotiki, jina lililoanza mwaka 1995, ni chakula cha bakteria hao wema. Nyingine hutoka kwenye kuta za seli za hamira.

Kuhusu uzito, ongezeko lake ni dogo na hubadilika banda kwa banda. Anayeahidi kilo anauza maneno. Nasisitiza probiotiki ipewe siku ya kwanza, kwenye maji yasiyo na klorini wala antibiotiki. Anayenijia wiki ya nne akitaka kunenepesha kwa ajili ya soko namwambia abaki na hela yake.