Hiyo Hata Mimi Ningefikiria

Mwaka 1977, katika maabara ya Canon nchini Japani, mtafiti aitwaye Ichiro Endo alikuwa na bomba la sindano lililojaa wino mezani. Chuma cha moto cha kuchomea waya kikagusa sindano kwa bahati mbaya. Wino ukaruka. Hadithi yenyewe ni hiyo tu, na Canon wenyewe wameisimulia mara nyingi. Joto lilichemsha wino uliokuwa ndani ya sindano, kiputo cha mvuke kikafura, kiputo kikausukuma wino nje. Oktoba ya mwaka huohuo kampuni ikawasilisha ombi la hataza, ile wengi wetu tunaiita patenti.

Mwaka mmoja na kitu baadaye, ng'ambo ya Pasifiki, John Vaught na Dave Donald wa maabara ya Hewlett-Packard, pale Palo Alto, California, wakafika palepale kwa njia yao wenyewe. Hadithi yao ina birika la kahawa la umeme, aina ile ambayo maji yakichemka chini hupanda kwenye mrija na kujimwaga juu. Kama birika linaweza kurusha maji bila pampu, kwa nini printa isirushe wino bila pampu?

Hapo ndipo sauti fulani inakunong'oneza: ah, hiyo hata mimi ningefikiria. Mvuke unasukuma, si ni kawaida? Yeyote aliyewahi kuteleka maji ya ugali ameona kifuniko kikicheza juu ya sufuria.

Sauti hiyo ina ofisi, ina mshahara, na ina sheria yake. Ni kazi ya mchunguzi wa hataza. Mtu akileta uvumbuzi wake, mchunguzi anauliza kwanza kama ni mpya, yaani kama hakuna aliyewahi kuuchapisha au kuutumia popote. Swali hilo ni la kutafuta kwenye makabati na kompyuta. La pili ndilo linalomtoa jasho: hata kama ni mpya, je, ulikuwa dhahiri? Mtu wa fani hiyo angeufikia tu akienda na kazi yake ya kila siku? Jibu likiwa ndiyo, hupewi kitu. Hataza ni ukuta unaozuia dunia nzima kwa miaka mingi, na hakuna serikali inayotaka kumjengea mtu ukuta kuzunguka jambo ambalo kila fundi angelifanya Jumatatu ijayo.

Sasa ongeza jina la tatu, ambalo watu wengi hawalijui. Mwaka 1962, miaka 15 kabla ya sindano ya Endo, Mark Naiman wa kampuni ya Sperry Rand ya Marekani aliomba hataza ya kitu alichokiita printa ya mvuke wa ghafla. Wazo lake lilikuwa kwamba unapasha moto kidogo ndani ya chumba chenye wino, mvuke unatokea ghafla, na wino unatupwa kupitia tundu mpaka kwenye karatasi. Alipewa hataza namba 3,179,042 mwezi Aprili 1965. Sperry hawakuipeleka sokoni. Enzi hizo hataza ya Marekani iliishi miaka 17 tangu kutolewa, kwa hivyo ya Naiman ilikata roho mwaka 1982. Mwaka 1984 HP wakaleta ThinkJet, printa ya dola 495 iliyorusha wino kwa mvuke.

Hataza ikifa, ukuta unabomoka lakini karatasi inabaki kuwa shahidi. Mchunguzi yeyote, leo au baada ya miaka mia, anaweza kuitoa kabatini na kumwekea mwombaji mezani: ndugu, Naiman alishasema. Na bado wote wawili walipita. Hataza ya Vaught na wenzake ilitolewa Marekani siku ya Krismasi ya 1984. Za Endo na wenzake huko Marekani zilitolewa 1988, zaidi ya miaka kumi tangu ombi la kwanza la Japani. Imekuwaje?

Ili kulijibu hilo, turudi kwenye nyakati ambapo majaji wa Marekani walikuwa wanalipima jambo hili kwa hisia. Mwaka 1851 Mahakama ya Juu iliamua kesi ya vishikio vya mlango. Mtu alikuwa amechukua kishikio cha kawaida na kukitengeneza kwa udongo wa kufinyanga badala ya mbao au chuma. Mahakama ikasema hiyo ni kazi ya fundi stadi, si ya mvumbuzi. Sawa. Lakini mstari uko wapi hasa? Mwaka 1941, kwenye kesi ya kiwashio cha sigara cha gari, mahakama hiyohiyo ilidai uvumbuzi uonyeshe mwako wa kipaji. Yaani lazima taa iwake kichwani. Ukitoa jasho miaka kumi ukijaribu hiki na kile, pole sana, hukuwaka.

Bunge halikupenda. Sheria ya 1952 iliandika udhahiri kwa mara ya kwanza kama kifungu chake, namba 103, na ndani yake ikaweka sentensi inayosema kwamba namna uvumbuzi ulivyopatikana haiwezi kutumiwa kuunyima hataza. Uwe umeupata ndotoni, kwa kutoka jasho, au chuma cha moto kimegusa sindano, sheria haijali. Kwangu hiyo ni sentensi yenye utu kuliko nyingi nilizowahi kusoma kwenye sheria. Endo asingepona mbele ya jaji wa 1941. Kipaji gani kiliwaka pale? Kilichowaka ni kile chuma.

Kifungu hichohicho kilizaa mhusika ninayempenda: mtu mwenye ujuzi wa kawaida wa fani. Hayupo, lakini mchunguzi lazima avae viatu vyake. Amesoma kila kitabu na kila hataza katika fani yake, kwa lugha zote, hata ile tasnifu iliyolala kwenye rafu ya chuo kimoja kisichojulikana, ila hana hata chembe ya ndoto. Mimi niliacha chuo kabla ya kumaliza, lakini darasani kwetu nadhani nilimwona, alikaa mstari wa mbele. Sheria hiyo ya 1952 iliuliza: huyu, siku ile uvumbuzi ulipofanywa, angeuona kuwa dhahiri? Siku ile, si leo. Ugumu wote umejificha hapo, kwa sababu mchunguzi ameshasoma ombi. Jibu liko mkononi mwake na anaambiwa ajifanye hajaliona. Jaribu kumtazama mtu akitegua kitendawili ambacho wewe unalijua jibu lake, uone kama hutamwona mjinga.

Mwaka 1966, kwenye kesi ya plau ya trekta iliyomhusisha John Deere, Mahakama ya Juu ilijaribu kumpa mchunguzi kitu cha kushika. Mvumbuzi alikuwa amehamisha chuma cha plau kutoka juu ya bamba la bawaba na kukiweka chini yake. Mahakama ikasema hilo ni dhahiri. Lakini ikaongeza kwamba unaweza pia kuita mashahidi wa nje. Je, watu walikihitaji kitu hiki kwa muda mrefu? Wengine walijaribu wakashindwa? Kilipotoka, kilinunuliwa?

Waite mashahidi hao kwenye kesi ya kiputo na uone wanavyogombana. Mmoja anasema: karatasi ya Naiman ilikuwa hadharani tangu 1965, na miaka 12 ikapita kabla ya mtu kuleta kitu kama cha Canon. Kama ni dhahiri, mbona wote walilala? Mwingine anajibu: na mbona makampuni mawili, yenye bahari katikati, yalifika kwenye wazo moja ndani ya miaka miwili bila kuambiana? Si hiyo ndiyo maana ya dhahiri, kwamba muda wake ulikuwa umefika?

Mimi nadhani wote wanasema kweli, kwa sababu wanazungumzia vitu viwili. Wazo la mvuke kusukuma wino lilikuwa limeshazeeka. Kichwa cha printa kilikuwa bado hakijazaliwa.

Maana hebu fikiria kinachotakiwa. Rizista ndogo isiyozidi unene wa unywele inapashwa moto kwa mikrosekunde chache, yaani sehemu chache za milioni za sekunde, hadi wino unaoigusa unafika kama nyuzi 300 za Selsiasi na kulipuka kuwa kiputo. Tone linatoka. Kiputo kinaanguka, wino mpya unajaa, na mchezo unarudiwa maelfu ya mara kwa sekunde. Kila kiputo kinapoanguka kinaipiga rizista kama nyundo, kwa hivyo unaifunika kwa utando wa tantalamu, chuma kigumu, lakini ukizidisha unene joto halipiti vizuri. Halafu wino unaungua na kuganda juu ya kipasha moto. Wahandisi wana neno la tatizo hilo, na lilitoka Japani, kutoka kwenye neno la kuungua, lile wanalolitumia kwa wali ulioshika chini ya chungu. Yaani ukoko. Printa za dunia nzima zinaugua ukoko.

Na tundu uliweke wapi? Canon waliweka kipasha moto ndani ya mfereji na wino ukatokea mwishoni mwake, ubavuni. HP waliweka tundu juu kabisa ya kipasha moto, kama dirisha kwenye paa. Ukitazama mchoro unasema ni suala la kuhamisha tu, kama chuma cha plau. Siyo. Kuhamisha tundu kunabadilisha njia ya wino, umbo la kiputo, idadi ya matundu unayoweza kupanga, na namna ya kukikata kichwa chenyewe kiwandani. Kisha kwenye ThinkJet HP wakafanya jambo ambalo kwangu ndilo la werevu kuliko yote: badala ya kuhangaika kukifanya kichwa kidumu milele, walikiunganisha na tangi la wino chenye matundu yake 12, wino ukiisha unatupa vyote. (Ndiyo, ndiyo sababu katriji ilikuwa bei hiyo, na ndiyo sababu vijana wa saiba huijaza tena kwa sindano. Endo angetabasamu.)

Mchunguzi basi hapimi wazo. Anapima sentensi zilizo mwishoni mwa ombi, madai, ambamo mwombaji anachora mipaka ya shamba lake neno kwa neno. Dai kusukuma wino kwa mvuke, Naiman anakurudisha nyumbani. Dai kipasha moto cha namna hii, kilichokaa hivi, ndani ya mfereji wa umbo hili, na pengine unapita. Ndiyo maana hataza tatu za mvuke zinaweza kusimama kwenye kabati moja. Canon na HP nao, badala ya kuuana mahakamani, walikubaliana kutumiana hataza.

Huku kwetu swali la udhahiri lilichelewa. Kwa miaka mingi ulichoweza kufanya Kenya ni kusajili hataza ambayo tayari ilikuwa imepita Uingereza. Endo na Vaught walipokuwa wanakimbizana, hapakuwa na ofisi Nairobi ya kuuliza kama kitu chochote ni dhahiri, wala mlango wa fundi wa Gikomba kupeleka chake. Hilo lilibadilika na sheria ya 1989, kisha ikaja ya 2001 iliyotupa KIPI, walioko South C. Nao wanauliza swali lilelile la mtu mwenye ujuzi wa fani. Lakini sheria yetu ina mlango mwingine: hati ndogo ya miaka 10 kwa kifaa kilichoboreshwa, ambako unaulizwa tu kama ni kipya na kama kinaweza kutumika viwandani. La dhahiri huulizwi. Kwa mlango huo Endo angeingia na sindano yake bila kueleza kipaji kiliwaka wapi. Ila swali la upya lingebaki, na majibu yake yote yangeanza na namba 3,179,042.