Embe limekubabua midomo? Hujarogwa, cheki kinachoendelea

Msimu wa maembe ukishika Ukambani, kuanzia Disemba hivi hadi Machi, kutoka Wote hadi masoko ya Kitui ni apple, kent, tommy na ngowe kila kona. Unalikwangua moja na maganda yake, fiti kabisa. Kesho kutwa unaamka midomo imefura, mashavu yanawasha na vipele vimejaa. Jirani anasema ni dawa waliyonyunyizia. Shosho anashuku jicho la mtu. Mara nyingi ni aleji tu, na mshukiwa ni utomvu.

Mwembe ni ndugu wa mkorosho. Ukivunja kikonyo cha embe, utomvu unaruka. Ndani yake, na kwenye ganda, kuna kemikali za jamii moja na zile za mafuta makali ya ganda la korosho. Nyama yenyewe haina nyingi, ndio maana wengi wanaowashwa hula embe lililomenywa bila noma.

Sasa mbona wewe, na beshte yako mliyekula naye hana kitu? Kinga ya mwili ni kama soja wa geti. Kemikali ikipenya ngozi hushikana na protini zako, na soja wengine huisoma kama adui. Mara ya kwanza hasemi kitu, anakariri sura tu. Ikirudi, anaita mbogi yote. Hiyo vita ndiyo muwasho, na huchukua siku moja hadi tatu kuonekana. Ndiyo sababu unaweza kula maembe miaka mingi halafu ghafla mwili ukakataa.

Wanaovuna kwa kibarua ndio wako hatarini zaidi, kwa sababu utomvu unawagusa kila siku. Kama hapo ndipo unatoa unga, si lazima uache kazi, badilisha mbinu. Vaa glavu na shati la mikono mirefu. Vuna embe likiwa na kikonyo kidogo, kisha ukikikata ligeuze kichwa chini utomvu udondoke. Ukirukiwa, nawa na sabuni hapo hapo. Wakati wa kula, osha, menya, na using'ate ganda.

Lakini ulimi ukivimba au pumzi ikianza kukata dakika chache baada ya kula, hiyo ni aleji ya aina nyingine na inaweza kuua. Usingoje ipoe. Kimbia hospitali.